Mchepuko wa changarawe, kaskazini mwa Kasulu

Lile tangazo la "michepuko siyo dili", la kukataza wapenzi wa pembeni, lilituharibia neno sisi madereva. Nikimwambia abiria tutachepuka kidogo, anaanza kucheka. Ila huku mkoani Kigoma, anayetoka Kasulu kwenda Kibondo bila kuiacha barabara kuu hata mara moja anakosa vilima vinavyoshuka kuelekea Burundi, na Mto Malagarasi ungali mdogo.

Mto huu una vituko. Unaanzia milimani karibu na mpaka, si mbali na Ziwa Tanganyika, kisha unalipa ziwa kisogo. Unakwenda kaskazini mashariki, kwa kipande kirefu ukiwa ndio mpaka wenyewe, unageuka kusini na kutawanyika kwenye majimaji ya Moyowosi, halafu unarudi magharibi hadi ziwani, upande wa Ilagala. Ni kama mtu wa Kasulu anayekwenda Ujiji kwa kupitia Tabora.

Sasa njia. Kabla ya kukanyaga changarawe, simama utoe upepo kidogo kwenye matairi. Gari langu la kawaida natembea na upepo wa psi 35 kwenye lami. Nikiingia kwenye vumbi nashusha hadi 26 hivi. Tairi lililojaa sana ni gumu, jiwe lenye ncha linalichoma. Lililolegea kidogo hulimeza jiwe, na linashika ardhi kwa eneo pana zaidi. Gharama yake ni mwendo: tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto mpaka linapasuka. Kwa hiyo mwisho wangu ni kilomita 50 kwa saa, na nikirudi kwenye lami najaza tena.

Halafu kuna vile vituta vilivyopangana kama migongo ya bati. Wengi hulaumu malori. Ukweli ni kwamba gurudumu lolote likipita juu ya udongo mkavu uliolegea kwa mwendo wa kutosha huruka kidogo, likitua linachimba, na linalofuata linatua palepale. Greda linachonga leo, baada ya muda vimerudi. Vijana watakwambia ukanyage 80 ili "upae" juu yake. Ni kweli gari linatulia, kwa sababu matairi yanagusa vichwa vya vituta tu. Sasa mbuzi akikatiza, hiyo breki unaifungia wapi? Shokapu nazo zinachemka hadi zinavuja mafuta.

Msimu? Watu hukimbilia Agosti kwa kuwa kumekauka. Mimi siipendi Agosti: mashamba na mapori yanachomwa, moshi unafunika vilima, na vumbi la basi lililokutangulia linakunyima hata kuona ukingo wa barabara. Napenda mwisho wa Mei, mvua zikiwa zimeondoka na majani bado mabichi. Mvua ikikukuta njiani, usishindane na ule udongo mwekundu. Paki mahali palipoinuka, nunua mahindi ya kuchoma, subiri.

Kitambulisho kiwe mfukoni, huku ni mpakani na utasimamishwa. Kambi za wakimbizi usiziingie bila kibali wala usizipige picha.

Na pampu iwekwe juu ya mizigo. Mwaka mmoja niliiweka chini, na jioni, manyunyu yakianza, nilikuwa nashusha magunia ya maharage moja moja kuitafuta.