Utelezi juu ya chupa si dalili ya kuoza

Tangu utotoni tunaambiwa bahari hujisafisha: tupa chupa pale Likoni, Mombasa, maji yatajua la kuifanya. Sasa imani hiyo imepata nguvu mpya, maana wanasayansi wamegundua bakteria wanaoishi juu ya plastiki majini. Lakini kuishi juu yake si kuila.

Okota kipande kilichokaa majini kule Tudor, ukipapase. Ule utelezi ni utando wa viumbe: bakteria, mwani mdogo sana, na wengine wanaowala hao. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza plastiki za Atlantiki ya Kaskazini walikuta juu yake jamii tofauti na ile ya maji ya pembeni. Kipande kimoja kilijaa Vibrio, ukoo wa kijidudu cha kipindupindu. Wengi wameganda tu, kama chaza kwenye mizizi ya mkoko.

Yule bakteria wa Japani aliyetangazwa 2016, Ideonella sakaiensis, kweli humeng'enya plastiki ya chupa. Ila hakutoka baharini. Alipatikana kwenye kiwanda cha kuchakata chupa, na maabarani, kwenye joto la nyuzi 30, alihitaji wiki kama 6 kumaliza karatasi laini ya plastiki. Chupa yenyewe ni ngumu zaidi; baharini, jua na mawimbi huipasua vipande vidogo, na samaki humeza.