Je, wajua kwa nini mbuni wa Bugisu una mizani tatu na mbuni wa Kidepo ana mizani mbili?

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Bugisu, mashariki mwa Uganda, mbuni ni mti wa kahawa. Ukipanda kaskazini hadi bonde la Kidepo, Karamoja, mbuni ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Herufi ni zilezile tano, tena kwa mpangilio uleule. Lakini mpe mshairi wa Kiswahili maneno hayo mawili, atayahesabu tofauti: mti ni m-bu-ni, mizani tatu, ndege ni mbu-ni, mizani mbili.

Mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi. Kila kipande cha utenzi huwa na mizani 8, na vipande vinne hufanya ubeti. Shairi la tarbia lina mishororo minne, na umbo lake lililozoeleka ni mizani 16 kwa kila mshororo, nusu ukwapi (kipande cha kwanza) na nusu utao (kipande cha pili). Hesabu hiyo ni ya siku nyingi: kisa cha vita vya Tabuki alichokitunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728 kinakwenda kwa mizani 8 katika beti zaidi ya 1,000.

Tangu mtaala mpya wa 2020 Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo ya sekondari hapa Uganda, kwa hiyo wanafunzi wengi wanakutana na mizani kwa mara ya kwanza. Karibu wote hushika kanuni moja nyepesi: hesabu irabu, umemaliza. Inavutia kwa sababu karibu kila mara inafanya kazi. Kitabu kina irabu tatu na mizani tatu. Barabara ina nne kwa nne. Hata kaa, yenye irabu mbili zilizofuatana, ni mizani mbili. Mtu akishaona imefaulu mara nyingi hivyo, haoni sababu ya kuishuku.

Sasa chukua ubeti huu, nimeutunga kwa ajili ya mfano:

Mkulima wa mbuni
mvua imo milimani
mbegu zi tayari ndani
usije ukachelewa

Anayehesabu irabu atapata 6 katika kipande cha kwanza na 8 katika vitatu vilivyobaki. Atasema mtunzi amepungukiwa, kisha atatia kiraka: "Ewe mkulima wa mbuni". Sasa irabu ni 8 na roho yake imetulia, ila kipande kimeharibika. Kilikuwa na mizani 8 tangu mwanzo, m-ku-li-ma wa m-bu-ni, na sasa kina 10. Uimbe kwa sauti huku ukipiga makofi, utasikia mahadhi yanamwagikia kipande kinachofuata.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Wakishaambiwa kwamba m inaweza kujitegemea, wanaihesabu kila wanapoiona mbele ya konsonanti. Hao watadai mvua na mbegu zina mizani tatu tatu, na vipande vya pili na vya tatu vitawatokea 9. Navyo ni 8 kamili: mvu-a, mbe-gu.

Basi m ya mbuni wa kahawa imepata wapi pigo lake? Jibu lipo midomoni mwa Waganda kila siku. Luganda husema omuntu, omuti, omugenyi, omuvubi. Kiswahili husema mtu, mti, mgeni, mvuvi. Panapokuwa na mu upande mmoja, upande wa pili pamebaki m peke yake. Kiswahili nacho kilikuwa na u hiyo, ikadondoka. Kiswahili cha Kongo bado kinaitamka, mutu na mutoto, na ukikaa Kasese utaisikia kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Irabu imekwenda lakini pigo halikwenda nayo. Ni kama abiria wa taksi aliyelipa nauli ya Kampala hadi Mbale, akashukia Jinja na kuacha mzigo wake kitini: kiti kinahesabika kuwa kimejaa, na kondakta hawezi kumkalisha mtu mwingine pale. M ndiyo huo mzigo.

Ngeli ya mbuzi, mvua na mbegu haikuwahi kuwa na u yoyote ya kupoteza. Luganda husema embuzi, m ikiwa imeshikamana na b, na Kiswahili vilevile. Ndiyo maana neno mbaya, ambalo kwenye karatasi halibadiliki hata nukta, hubadilika uzito kulingana na jina lililotangulia. Katika "mtu mbaya" ni m-ba-ya, mizani tatu. Katika "mbegu mbaya" ni mba-ya, mbili. Mganda anayesema omuntu omubi lakini embuzi embi amekwisha kuutenganisha ulimi wake bila kufundishwa na mtu.

Kipimo hicho hakimsaidii mwanafunzi wa Gulu au Soroti, kwani Kiacholi na Kiateso si lugha za Kibantu na hazina mu ya kulinganisha. Huyo atumie wingi. Ikiwa m inageuka, ina pigo lake: mti, miti, mvuvi, wavuvi, mbuni wa kahawa, mibuni. Ikiwa haigeuki, imeshikamana: mbuzi wengi ni mbuzi, na mbuni wa Kidepo hata wakiwa kundi ni mbuni. Habari njema ni kwamba mashaka yapo kwenye mb na mv tu. Kwingineko, kama mt, mk, ms, ml au mg, m hujitegemea daima. Mbele ya w na y huteleza pamoja na irabu, na ndiyo sababu mwalimu ni mizani tatu, mwa-li-mu.

Kuna kundi dogo linalokiuka kipimo cha wingi, nami nalipenda kuliko yote. Mbu, mbwa, nchi, nge, nta, nne. Wingi wa mbwa ni mbwa, kwa hiyo tungetarajia mizani moja, lakini mshairi huhesabu mbili: m-bwa, n-chi, n-ne. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno lenye silabi moja halina pa kuuweka, basi king'ong'o cha mbele, yaani ile m au n, hupandishwa cheo kiwe silabi ili kiubebe. Tamka mbu polepole, utasikia nguvu yote imekaa kwenye m. Embwa ya Luganda haina haja ya kufanya hivyo, maana ina e mbele.

Penye maneno yaliyotoka Kiarabu uhakika unapungua. Labda: ni lab-da, mizani mbili, au la-b-da, tatu? Ilhali je? Walimu hutofautiana, wengine huichukulia konsonanti isiyo na irabu kuwa mkia wa silabi iliyotangulia, wengine huipa pigo lake. Kwa utenzi wa kuimbwa mimi huona la-b-da inakaa vizuri zaidi, kwa kuwa mwimbaji hulazimika kukawia pale kwenye b. Ukichagua njia moja ishike hadi ubeti wa mwisho, kwani labda ya mizani mbili hapa na mizani tatu pale ndiyo itakayomfanya msahihishaji ashike kalamu nyekundu.