"Mubashara" maana yake nini kwenye runinga?

Mubashara ni tangazo linalorushwa wakati tukio lenyewe bado linaendelea, bila kurekodiwa kwanza wala kuhaririwa. Neno lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya moja kwa moja. Mtaani wengi husema tu "laivu". Kinachosahaulika ni kwamba mubashara si papo hapo. Mbunge anayesimama Dodoma kuuliza swali la nyongeza, wewe unamsikia sekunde mbili, tano, au hata nusu dakika baadaye, kutegemea unatazama kwa chombo gani. Na sehemu kubwa ya lawama wanazotupiwa watangazaji, "mbona ameduwaa?", "mbona anamkatiza mwenzake?", inazaliwa na sekunde hizo.

Chukua mwandishi aliyesimama nje ya geti la Bunge, studio ikiwa Dar es Salaam. Picha ikitoka kwenye kamera hubanwa kwanza ili isafirishike, kisha hufunguliwa studio. Kazi hiyo peke yake hula kati ya nusu sekunde na sekunde mbili. Ikipita kwa setilaiti hupanda kilomita 35,786 juu ya ikweta na kushuka tena, na hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu robo sekunde nyingine.

Gari la matangazo lenye dishi huletwa zaidi kwenye shughuli kubwa, kama siku ya kusomwa bajeti mwezi Juni. Mwandishi wa kila siku hubeba begi mgongoni lenye laini kadhaa za simu zinazogawana kuibeba picha moja. Hapa ndipo penye ubishi wa kila siku kati ya fundi na mtangazaji, maana muda wa kuchelewa hupangwa na fundi mwenyewe. Akiweka sekunde moja, mazungumzo yanakwenda vizuri, lakini mtandao ukiyumba kidogo tu picha inakatika. Akiweka sekunde tatu au nne, picha inatulia kwa sababu begi linapata nafasi ya kutuma upya vipande vilivyopotea njiani, ila maswali na majibu yanakuwa kama ya watu wanaoitana kutoka vilima viwili. Kupata vyote viwili kwa pamoja haiwezekani. Mwandishi anayesimulia tu bila kuulizwa apewe muda mrefu. Kwa mahojiano muda upunguzwe, na ukungu kidogo kwenye picha uvumiliwe.

Picha safi ya HD huhitaji mtandao wenye kasi ya megabiti 5 hadi 8 kwa sekunde. Ikishuka chini ya 2, nyuso zinaanza kugeuka viraka. Hilo hutokea zaidi penye umati: Uwanja wa Jamhuri wa Dodoma ukijaa, maelfu ya simu hugombea minara ileile, kila mtu akituma video yake. Ndiyo maana laini za begi huchanganywa za kampuni tofauti. Laini sita za kampuni moja huegemea mnara mmoja, na mnara ukielemewa zote sita zinalala.

Sasa ule ukimya. Swali la mtangazaji humfikia mwandishi sikioni kwa njia ya haraka, mara nyingi simu ya kawaida, lakini jibu lake hurudi kwa njia ndefu ya picha. Kama njia hiyo ina sekunde tatu, mtazamaji ataona mwandishi akikodoa macho kwa sekunde tatu baada ya swali kwisha, ingawa kule Dodoma alijibu hapohapo. Mwandishi aliyezoea hubaki ametazama kamera, uso umetulia. Asiyezoea hutazama pembeni au kugusa sikio, na hapo ukimya wa kawaida unaonekana kama ajali.

Kosa la mtangazaji huanza pale anaposhindwa kuvumilia ukimya huo. Akiona kimya anaongeza, "yaani, hali ikoje hapo?" Nyongeza hiyo inamfikia mwandishi akiwa katikati ya sentensi. Mwandishi ananyamaza ili asikilize, mtangazaji naye anasikia jibu linaanza, ananyamaza. Wote kimya, kisha wote wanaanza tena kwa mpigo. Dawa ni swali moja, fupi, lenye mwisho unaosikika, kisha kufunga mdomo na kuhesabu hadi nne. Maswali matatu yaliyofungwa fundo moja ("nini kimejiri, wananchi wanasemaje, na nini kinafuata?") hayana utetezi wa kiufundi, hapo lalamika.

Tatizo jingine halionekani kabisa kwa mtazamaji. Sauti anayorudishiwa mwandishi sikioni lazima iwe ya studio yote isipokuwa yake mwenyewe. Fundi akisahau kuitoa, mwandishi anajisikia akiongea sekunde mbili nyuma, na ubongo haustahimili jambo hilo: ulimi unakuwa mzito, maneno yanavutwa, sentensi zinakatika. Nyumbani watu husema kijana ana woga. Ukimwona mwandishi akichomoa kifaa cha sikioni na kuendelea vizuri ghafla, hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Bei yake ni kwamba sasa hasikii swali lolote. (Upepo wa Dodoma ni habari nyingine. Ule mngurumo unaofunika maneno hutokana na maikrofoni isiyovalishwa sponji au manyoya, na hilo ni uzembe tu.)

Ukiwa sebuleni unaongezewa kuchelewa kwako mwenyewe. King'amuzi huongeza sekunde chache. Simu huongeza zaidi, kwa kuwa matangazo ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde 2 hadi 6, na programu hupenda kupakua vipande kama vitatu kabla ya kuanza kuonyesha. Sekunde 15 hadi 30 nyuma ni jambo la kawaida. Kwa hiyo usiamue kwamba kituo fulani kimetangulia kutangaza matokeo ya kura bungeni kwa kulinganisha runinga ya jirani na simu yako.

Midomo isiyolingana na maneno nayo ina kipimo chake. Mashirika ya utangazaji ya Ulaya yamejiwekea ukomo: sauti isitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40, na isichelewe kwa zaidi ya 60. Kuchelewa kunavumilika zaidi kwa kuwa tumezoea kuona umeme wa radi kabla ya ngurumo. Kinyume chake masikio hukikataa mara moja. Kabla ya kumlaumu mtu, badili chaneli. Kama midomo inapishana kote, tatizo ni runinga yako au spika ya nje uliyoiunganisha, na menyu ya sauti ina mahali pa kurekebisha.

Je, kila chenye maandishi ya "mubashara" pembeni ni mubashara? Hapana. Baadhi ya mazungumzo hurekodiwa mapema kwa mtindo wa mubashara, yakarushwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kuondolewa maandishi hayo. Tazama mwanga. Mwaka mzima jua la Dodoma huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, kwa hiyo mwandishi mwenye kivuli cha jua saa mbili usiku amerekodiwa. Lakini usikimbilie kushuku pale Dar es Salaam panapoonekana giza na Dodoma bado kuna mwanga: jua hutangulia kuzama pwani kwa dakika kama 14.

Kuhaririwa ndiko kulikoleta mjadala mkali mwaka 2016, TBC, shirika la utangazaji la taifa la Tanzania, ilipoacha kuonyesha mubashara vikao vyote vya Bunge na badala yake kukawa na kipindi kilichorekodiwa, Leo katika Bunge. Serikali ilitaja gharama. Waliopinga waliuliza nani anachagua kipi kikatwe. Swali hilo linagusa mubashara pia, kwa sababu chumba cha kuongozea matangazo kina kamera kadhaa na mtu mmoja anayechagua ipi iende hewani. Kamera ikibaki kwenye kiti cha Spika wakati zogo liko viti vya nyuma, hakuna kilichorekodiwa wala kukatwa, na bado zogo lenyewe hukuliona.