Pochi ya maunzi: usalama na faragha si kitu kimoja

Kila mazungumzo yanapogusia pochi za maunzi, yaani vile vifaa vidogo vya kutunzia funguo za sarafu za kripto, hatakosekana mtu wa kusema kwamba amenunua chake ili asijulikane. Anayemshauri naye humsifia kifaa fulani kuwa ni salama na cha faragha, kwa pumzi moja, kana kwamba sifa hizo ni pacha wasioachana. Usalama unahusu nani anaweza kuzihamisha sarafu zako. Faragha inahusu nani anajua kwamba unazo, ni kiasi gani, zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Pochi ya maunzi ilibuniwa kwa ajili ya jambo la kwanza, nalo hulitimiza vizuri. La pili hailigusi ila kwa mbali.

Maana ya kifaa chenyewe haihitaji maneno mengi. Hutengeneza ufunguo wa siri na kuufungia ndani yake, hupokea muamala kutoka kwenye kompyuta au simu, huutia sahihi humo humo, kisha hurudisha sahihi pekee. Sarafu hazimo ndani ya kifaa. Zimeandikwa katika daftari la pamoja la mtandao husika. Kikipotea, maneno ya urejeshaji, ambayo kwa kawaida ni 12 au 24 yaliyotolewa katika orodha ya maneno 2,048 kwa utaratibu uitwao BIP39, yatazirudisha funguo zote katika kifaa kingine. Pochi za chapa za Trezor, Ledger, Coldcard na BitBox zote hufanya kazi hiyo kwa namna zinazokaribiana.

Daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu: anwani (mfuatano wa herufi na tarakimu unaopokelea sarafu), kiasi na saa ya kila muamala husomeka na yeyote mwenye intaneti. Satoshi Nakamoto, mbunifu wa Bitcoin, aliliona tatizo hilo mapema, na katika waraka wake wa 2008 alishauri kila muamala utumie ufunguo mpya ili miamala isiunganishwe na mmiliki mmoja. Papo hapo alikiri kwamba muamala unaokusanya sarafu kutoka anwani kadhaa hauwezi kuficha kuwa anwani hizo zilikuwa za mtu mmoja. Ni kweli kwamba pochi za maunzi hukusaidia kupata anwani mpya kila unapopokea malipo. Hata hivyo, ukizitoa sarafu katika soko la kripto lililokutaka kitambulisho, soko hilo linaijua anwani ulikozipeleka, na ukizichanganya baadaye na sarafu nyingine katika muamala mmoja, umeziunganisha zote kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna chipu ya usalama, ile inayolinda funguo ndani ya baadhi ya vifaa, inayoweza kulifuta hilo. Kufuli gumu mlangoni halimzuii jirani kuhesabu wageni wanaoingia.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka. Kifaa chenyewe hakijui salio lako. Programu iliyoko kwenye kompyuta au simu ndiyo inayoliuliza kutoka kwenye seva. Ili iweze kuuliza, kifaa huipa programu hiyo ufunguo wa umma uliopanuliwa, ambao watumiaji huuita kwa kifupi xpub. Mwenye ufunguo huo hawezi kuhamisha sarafu yoyote, lakini anaweza kukokotoa kila anwani ya akaunti yako, zilizokwisha kutumika na zitakazotumika, na kuzifuatilia moja baada ya nyingine. Programu itolewayo na mtengenezaji, ukiiacha ilivyo, kwa kawaida hupata salio kupitia seva za mtengenezaji huyo huyo, kwa hiyo anayeziendesha yuko mahali pazuri pa kuona akaunti nzima. Si wizi, wala si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa. Dawa yake ni kuiunganisha pochi na nodi, yaani kompyuta inayofuatilia daftari la mtandao, unayoiendesha mwenyewe, jambo ambalo programu kama Sparrow na Electrum huliwezesha. Wapo wanaodhani kuwasha Tor, mtandao wa kuficha mtumiaji anakotokea, kunatosha, ilhali Tor huficha mahali unapoulizia na kuiacha orodha ya anwani unazoziulizia mikononi mwa seva ile ile.

Hata kitendo cha kununua huacha alama. Mwaka 2020 hifadhidata ya wateja wa Ledger ilivuja, na Desemba ya mwaka huo ikawekwa hadharani: anwani za barua pepe zipatazo milioni moja, pamoja na majina, makazi na namba za simu za wateja wapatao 272,000. Hakuna ufunguo hata mmoja uliotoka ndani ya kifaa kwa sababu ya uvujaji huo, na kwa maana halisi ya usalama vifaa vilibaki salama. Lakini wenye vifaa walikwisha kujulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Walifuatwa kwa ujumbe wa kilaghai, na mwaka 2021 baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia vilivyowataka waingize maneno yao ya urejeshaji. Faragha iliyopotea ikageuka mlango wa kuvunjia usalama.

Mkanganyiko huja pia kutoka upande wa pili. Januari 2020 watafiti wa usalama wa soko la kripto la Kraken walionyesha kwamba mtu akiishika Trezor yako ya aina ya One au Model T kwa takribani dakika 15, akiwa na vifaa maalumu, anaweza kuyatoa maneno ya urejeshaji, na kwamba kinga ni kuongeza neno la siri lisilohifadhiwa ndani ya kifaa. Hilo ni suala la usalama tupu, kama ulivyo ubishi usiokwisha kati ya wanaotaka chipu ya usalama na wanaotaka msimbo wa programu ya kifaa ulio wazi wote. Vivyo hivyo Coldcard, inayoweza kutia sahihi kupitia kadi ya kumbukumbu bila kuunganishwa na kompyuta, hupunguza njia za mshambuliaji. Ila kadi hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta yenye programu inayouliza salio kwenye seva ya mtu mwingine, seva hiyo itaona kile kile ambacho ingekiona kwa waya.

Kwa hiyo anayesema amenunua kifaa ili asijulikane hajakosea kununua; amekipa tu kazi isiyo yake. Anayetaka faragha aulize kwanza programu atakayoitumia hupata salio kutoka seva ya nani, na jina lake litabaki kwa nani baada ya mzigo kumfikia. Akishapata majibu, ndipo alinganishe chipu.