Kwa nini RAM ya GB 4 huonekana pungufu kwenye Windows ya biti 32?

Unachomeka RAM ya GB 4 kwenye kompyuta yenye Windows 7 ya biti 32. Inakiri kuwa imeziona zote nne, ila inayotumika ni 3.25 hivi. Wengi humshuku aliyewauzia. RAM ni nzima. Kilichoisha ni anwani.

Prosesa haijali kama inazungumza na RAM au na kadi ya picha. Yenyewe hutoa namba tu: soma anwani hii, andika anwani ile. Kwa biti 32, namba hizo ni 4,294,967,296, sawasawa na baiti za GB 4, na vifaa navyo vinadai fungu lao humo humo. Kompyuta ikiwashwa, BIOS, programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao mama, huvitengea kadi ya picha, kadi ya mtandao na vidhibiti vya USB anwani za chini kidogo ya mpaka wa GB 4. RAM ambayo ingekaa hapo inakosa nafasi.

Mfano wa zamani wa kifaa kukalia anwani ni mtamu zaidi. Kwenye PC za mtindo wa IBM, skrini ya maandishi ya rangi inaanzia anwani 0xB8000 (0x huashiria namba ya msingi wa 16). Andika 0x41, namba ya herufi A, hapo, na herufi A inatokea kwenye kona ya juu kushoto. Baiti inayofuata ndiyo rangi yake. Mistari 25 ya herufi 80: baiti 4,000, basi.

Leo draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, haiandiki kienyeji hivyo, maana hata kerneli, kiini cha mfumo endeshi, hutumia anwani pepe, ambazo prosesa huzitafsiri kuwa anwani halisi. Lazima iombe kwanza, kwa ioremap kwenye Linux au MmMapIoSpace kwenye Windows. Kerneli huelekeza anwani pepe kwenye kifaa, na kwa rejista, vijisanduku vya data ndani ya kifaa, huweka sharti: kashe, kumbukumbu ya haraka inayotunza nakala kwa ajili ya prosesa, isiguse hapa. Rejista ya kadi ya mtandao hubadilika yenyewe pakiti ikiingia. Kashe ingemrudishia draiva jibu lililochacha, naye angeendelea kungoja pakiti iliyokwisha fika. Kuna rejista korofi zaidi: katika kadi za Intel za familia ya e1000, ile inayoeleza sababu ya interrupti, ishara ya kifaa kumkatiza prosesa, hujifuta ikisomwa tu.

Sasa, tangu Pentium Pro ya 1995, prosesa za Intel zina njia ya kufikia GB 64 hata kwenye mfumo wa biti 32, na baadhi ya matoleo ya seva ya Windows yaliitumia. Matoleo ya kawaida Microsoft iliyafungia GB 4, kwa sababu draiva nyingi ziliandikwa zikidhani anwani haiwezi kuzidi biti 32, na zikikutana na kubwa zaidi zinaangusha mfumo mzima. Binafsi siwalaumu: afadhali kukosa robo tatu ya GB kuliko skrini ya bluu kila siku.

Mgao wa anwani wa kompyuta yako unaonekana kwa sudo cat /proc/iomem kwenye Linux. Kwenye Windows, fungua Device Manager, chagua kadi ya picha, kisha Resources.