240p ni nini, na kwa nini uiulize kabla ya kununua TV ya gemu za zamani

Mtu akitaka kucheza gemu za zamani kwenye mashine yenyewe, iwe NES, Super Nintendo, Mega Drive au PlayStation ya kwanza, swali lake huwa ni TV ya inchi ngapi au ya kampuni gani. Hayo yasubiri kwanza. Swali linalotangulia ni hili, hiyo TV ikiletewa signali ya 240p inaifanyia nini? Ukilijua hilo mengine yote yanapangika yenyewe.

Twende taratibu. 240 ni idadi ya mistari ya picha kutoka juu hadi chini, na ile p maana yake mistari yote ya fremu inachorwa kwa mkupuo mmoja. Sasa TV za chogo hazikutengenezwa hivyo. Mfumo wa NTSC, ule wa Marekani na Japani, una mistari 525 lakini TV haiichori yote pamoja, inachora kwanza wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, alafu inarudi juu kujaza wa 2, wa 4, wa 6 katikati yake, nusu picha kama 60 kila sekunde na jicho lako ndo linaziunganisha. Inayoonekana ni kama 480, ndo maana inaitwa 480i, hiyo mingine ni muda tu wa TV kurudi juu kuanza upya.

Ujanja wa konsoli, yaani hizo mashine za gemu, uko hapa. Ili nusu ya pili iangukie kwenye nafasi za ile ya kwanza, kila nusu inatakiwa iwe na mistari 262 na nusu, na hiyo nusu ya mwisho ndo inayosogeza picha. Konsoli ikawa inatuma 262 kamili basi! Hakuna nusu mstari, kwa hiyo kila picha inaangukia palepale ilipokaa iliyopita, na TV ya chogo haihoji chochote, inachora inacholetewa. Unapata fremu kamili 60 kwa sekunde, picha imetulia haitetemeki, na zile nafasi ambazo hazikuguswa zinabaki nyeusi. Ile mistari ya giza ambayo siku hizi watu wanaiweka kama filta kwenye emuleta, programu inayoigiza konsoli kwenye kompyuta au simu, imetokea hapo. Na gemu nyingi hazijazi hata hizo 240, Super Nintendo kwa kawaida inatumia 224.

Sasa chomeka mashine hiyohiyo kwenye TV flati kwa waya wa njano, ule wa video wa kawaida (composite). TV flati haichori moja kwa moja, inapokea picha, inaihifadhi, inaichakata, ndo inaonyesha. Na nyingi zikiona signali ya aina hii zinaamini ni 480i ya video ya kawaida, kwa hiyo zinachukua fremu mbili zinazofuatana na kujaribu kuzishona kuwa moja. Kwenye filamu sawa, ila kwenye gemu zile fremu mbili ni picha mbili tofauti kabisa na hazikutakiwa kuunganishwa.

Angalia kivuli chini ya mhusika. Mashine nyingi za wakati ule hazikuweza kuonyesha kitu kinachopitisha mwanga, so programa alikuwa anaweka kivuli fremu moja, fremu inayofuata anakitoa, anakirudisha, hivyohivyo mara 60 kwa sekunde. Kwenye chogo unaona kivuli chepesi ambacho ardhi inaonekana chini yake. Kwenye TV flati iliyokosea 240p kivuli kinaweza kupotea kabisa, au kinaganda kama doa jeusi, au kinakatika mistari kama meno ya kitana. Mhusika akipigwa na adui anamemeteka kwa ujanja huohuo, na we unaweza kujikuta humuoni yuko wapi wakati ndo unahitaji kukimbia.

Alafu kuna kuchelewa. Fremu moja ni kama milisekunde 16.7, TV ikikaa na picha fremu tano kabla ya kuionyesha tayari ni zaidi ya milisekunde 80 tangu ubonyeze, na gemu za kuruka za miaka ya 80 na 90 zilipimwa kwa chogo ambayo haikawii. Watu wanasema gemu fulani ni ngumu kupita kiasi kumbe TV ndo inawaangusha. Bastola ya NES ile Zapper haifanyi kazi kabisa kwenye flati za kawaida, maana kwenye Duck Hunt ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi, alafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe kwa muda mfupi sana, na bastola ina jicho la mwanga linalosubiri huo weupe wakati huohuo, ukichelewa kidogo tu umekosa hata kama ulilenga vizuri.

Kwa hiyo chogo ndo chaguo langu la kwanza, tena ya kawaida tu, ukiwa na nafasi na mgongo wa kuibeba. Ila si kila chogo. Zile zilizoandikwa 100 Hz ziache, ndani zinahifadhi picha kwenye memori na kuichora mara mbili, kuchelewa kunarudi na bastola zinagoma. Chogo za HD nazo nyingi zinaichakata picha kwanza. Kosa lingine linalowapata watu ni monita ya chogo ya kompyuta, inafanana na TV lakini inataka signali ya 31 kHz kwenda juu, yaani mistari kama elfu 31 kwa sekunde, konsoli za 240p zinatoa kama 15.7, basi picha haitulii hata uhangaike na setingi vipi. Dreamcast, konsoli ya Sega, ni tofauti, hiyo gemu zake nyingi zinatoa 480p kwa waya wa VGA, ule wa monita za kompyuta, na kwenye monita ya namna hiyo inapendeza sana.

Geuza TV uangalie soketi za nyuma. Waya wa antena ndo wa mwisho kwa ubora, njano ni afadhali, S-Video inatenganisha rangi na mwanga kwa hiyo picha inasafika, na RGB, ambayo nyekundu, kijani na bluu zinapita kila moja peke yake, kupitia soketi pana ya SCART, ambayo utaikuta zaidi kwenye TV za Ulaya, ndo safi kuliko zote. Kama konsoli ni ya NTSC na TV inajua PAL peke yake, ule mfumo wa Ulaya na nchi nyingine nyingi, kwa waya wa njano picha inaweza kuja bila rangi, kwa RGB rangi zinakuja. Na ujue mashine za PAL zinaenda Hz 50, kwa hiyo gemu ambayo haikurekebishwa inakimbia taratibu kwa kama asilimia 17, na mara nyingi muziki wake pia.

Kuhusu zile monita za studio, PVM za Sony, watu wanazifukuzia sana na ni kweli ni kali. Lakini kali sana si lazima iwe sahihi. Maporomoko ya maji kwenye Sonic ya kwanza, ya 1991, yamechorwa kwa mistari ya wima yenye nafasi katikati, waya wa njano unaichanganya inakuwa maji unayoona nyuma yake, ukitumia RGB unaona mistari mitupu. Waliochora walijua picha ingepita wapi, mi naona tuwaheshimu kwa hilo.

Huna chogo? Usikate tamaa. Tafuta TV au monita yenye modi ya gemu ambayo kweli inazima uchakataji, weka picha 4:3 usiivute ijaze skrini, na ikibidi utumie hela mahali, tumia kwenye kigeuzi kinachoijua 240p kama OSSC au RetroTINK, hivi vinarudufisha mistari bila kushona fremu. Vile vibox vya bei ya chini vya kugeuza njano kuwa HDMI vingi vinarudia kosa lilelile la 480i. Hesabu ya mistari nayo iangalie, 240 ukiipeleka kwenye skrini ya mistari 1080 ni mara 4.5 kwa hiyo mistari mingine inanenepa kuliko mingine, kwenye 1440 ni mara 6 na kwenye 4K ni mara 9, inakaa sawasawa. Skrini ya aina ya OLED ina weusi mzuri, ila alama na ile mistari inayoonyesha uhai wa mhusika inayokaa sehemu moja saa nyingi inaweza kuacha kovu. Kama unacheza kwa emuleta kwenye kompyuta, suala la kushona fremu halikuhusu, angalia tu kuchelewa na hiyo hesabu.

Ukitaka uhakika kuna programu ya bure inaitwa 240p Test Suite, ipo kwa konsoli nyingi. Fungua jaribio la kivuli, kisogeze huku na huku juu ya picha ya nyuma, kikionekana chepesi na kizima muda wote TV imeielewa signali, kikipotea au kikikatika mistari tatizo liko kwenye TV au kwenye kigeuzi. Alafu pima kuchelewa kwa jaribio lake la kubonyeza, na ufanye hayo kabla hujalipa, muuzaji akikubali uchomeke mashine yako.