Virusi vya kutibu saratani ya kinywa: msijiambukize

Tangu habari za virusi "vinavyokula saratani" zianze kusambaa, maswali yameongezeka. Mengi ni ya nia njema. Lipo moja linalojirudia mno: mtu akiambukizwa malengelenge ya mdomoni, uvimbe wa ulimi utanywea? Hapana, na tafadhali asijaribu mtu.

Kirusi cha tiba hupunguzwa makali maabara. T-VEC, kwa mfano, ni kirusi cha malengelenge kilichoondolewa jeni ya ICP34.5 inayokisaidia kuishinda kinga ya seli, hivyo seli zenye afya hukidhibiti. Seli ya saratani mara nyingi kinga yake ya ndani imeharibika. Kirusi huzaliana humo, seli hupasuka, na mabaki yake huzindua kinga ya mwili. Marekani iliidhinisha T-VEC mwaka 2015, ila kwa melanoma, saratani ya ngozi. China iliidhinisha H101, kirusi cha aina nyingine kiitwacho adeno, mwaka 2005 kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo, pamoja na tibakemikali. Kwa kinywa, tiba hii kwa sehemu kubwa ingali kwenye majaribio.

Utaratibu wake hauna njia ya mkato. T-VEC hugandishwa kwenye nyuzi -90 hadi -70 za Selsiasi, huyeyushwa, kisha hudungwa ndani ya uvimbe. Dozi ya kwanza ni dhaifu: chembe za kirusi milioni 1 kwa mililita. Baada ya wiki 3 hupandishwa hadi milioni 100, kisha hurudiwa kila wiki 2. Kirusi kikipitia mshipani, kingamwili zaweza kukimaliza njiani. Hata kikidungwa uvimbeni, tishu ngumu hukizuia kusambaa. Homa, baridi na uchovu hutarajiwa. Wajawazito na wenye kinga iliyoshuka sana hawapewi. Anayemeza asiklovia, dawa ya malengelenge, bila kumwambia daktari anaweza kukiua kirusi kile kile alichodungwa.

Kwenye jaribio, mgonjwa husomewa fomu ya ridhaa, huuliza, ndipo husaini, na nakala hubaki naye. Anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba ya kawaida. Anayeuziwa "kirusi cha saratani" kwingineko aripoti kwa mamlaka ya dawa, na chupa asiitupe: ni kielelezo.

Upasuaji na mionzi ndizo tiba kuu kwa sasa. Kidonda, baka jeupe au jekundu mdomoni likizidi wiki 3, nenda ukakatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe.